Ameuliza Mchanga: Hotuba Kuhusu Tovuti za Biashara Zetu, Kigoma

Hotuba hii ilitolewa Kigoma mbele ya wauza dagaa na migebuka, wasindikaji wa mawese, wenye nyumba za wageni na wenye boti. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa safarini au ziwani siku hiyo.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kaka zangu wa boti, dada zangu wa nyumba za wageni, habari za asubuhi.

Nawaombeni jambo moja kabla hatujaenda mbali. Kila mmoja akumbuke simu tatu za mwisho alizopigiwa na wateja asiowafahamu. Waliuliza nini? "Mko wapi hasa?" "Kilo shilingi ngapi?" "Mnatuma mpaka Dodoma?" "Hao dagaa hawana mchanga?" "Boti ya Gombe inaondoka saa ngapi?" "Chumba kina maji ya moto?" Ni maswali yaleyale, mwaka nenda mwaka rudi.

Sasa tufungue tovuti zetu. Juu kabisa tunakuta nini? "Karibu kwenye tovuti yetu." Chini yake picha ya jua likizama ziwani, imejaza kioo kizima cha simu. Tunateremka: Dira Yetu. Tunateremka tena: Dhima Yetu, Maadili Yetu, Neno la Mkurugenzi. Mteja hakuuliza dira. Ameuliza mchanga. Na jibu la mchanga haliko popote.

Hilo ndilo lililotukusanya leo. Tovuti ya biashara ni mtu wako wa kaunta, anayebaki dukani ukiwa umelala, ukiwa ziwani, ukiwa msibani. Kazi yake ni kumjibu anayeuliza, kisha amkabidhi kwako akiwa ameshaamua kununua. Rangi, picha, maandishi, vitufe, vyote vipimwe kwa kazi hiyo.

Tuanze na daftari. Kabla hujamtafuta fundi, kabla hujauliza tovuti inatengenezwa kwa shilingi ngapi, chukua daftari na siku saba. Kila swali la mteja, la simu, la WhatsApp, la ana kwa ana, liandike kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyolitamka. Akisema "mna mawese ya kukaangia?", usiandike "mafuta ya mawese kwa matumizi ya nyumbani". Siku ya nane hesabu. Maswali matano yaliyojirudia zaidi ndiyo yanayokaa juu ya ukurasa wako wa kwanza, pamoja na majibu yake. Mengine yanafuata chini kwa mpangilio uleule. Daftari hilo ndilo ramani ya tovuti, na fundi mzuri atafurahi ukimjia nalo. Fundi akikwambia halihitaji, kwamba ana muundo wake tayari, tafuta mwingine.

Chukueni mfano wa mama anayekausha na kuuza dagaa pale Katonga. Mteja wake yuko Morogoro, hamjui, na hofu yake kubwa ni kusaga mchanga menoni. Kioo cha kwanza cha tovuti ya mama huyu, yaani sehemu inayoonekana kabla mteja hajasogeza kidole, kinahitaji vitu vinne tu na picha moja. Sentensi ya kwanza: "Dagaa wa Kigoma waliokaushwa juu ya chanja, hawana mchanga." Ya pili: "Tunauza kuanzia kilo 5 na tunatuma mikoani kwa basi." Halafu bei. Halafu kitufe cha kuagiza. Picha iwe moja. Amwage kiganja cha dagaa kwenye sahani nyeupe, awapige picha asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga, kwa karibu kiasi cha kuliona jicho la dagaa. Sahani nyeupe haifichi mchanga. Picha hiyo itafanya kazi ambayo kurasa kumi za "ubora wa kimataifa" haziwezi kuifanya.

Na bei? Wengi wetu tunaficha bei, tunaandika "wasiliana nasi kwa bei nzuri". Tunaogopa jirani asione. Jirani anaijua bei yako, maana mnanunua mwalo mmoja. Asiyeijua ni mteja wa Morogoro, na asipoiona anadhani ni kubwa kuliko ilivyo. Najua mtaniambia dagaa hawana bei moja. Ni kweli. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikipamba, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na kila mtu humu anakumbuka bei zilivyokwenda. Kwa hiyo andika bei pamoja na tarehe: "Bei ya wiki hii, imebadilishwa tarehe fulani." Na sharti moja kwa fundi wako: sehemu ya bei uweze kuibadilisha wewe mwenyewe, kwa simu yako, ndani ya dakika mbili. Akufundishe mpaka uifanye mbele yake mara tatu bila kukushika mkono. Bei ya miezi minne iliyopita ni mbaya kuliko kutokuwa na bei, kwa sababu mteja akipiga simu na kuambiwa nyingine, ameshakuona mwongo.

Jambo la pili ni uzito. Mteja wako anafungua tovuti kwa nini? Kwa simu, tena mara nyingi si simu ya bei kubwa, na kwa bando alilolinunua kwa siku au kwa wiki. Tufanye hesabu pamoja. Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha yenye upana wa nukta, yaani pikseli, 4,000 na uzito wa MB 3 hadi 5. Kioo cha simu ya mteja kina upana wa nukta 720, au 1,080. Zile nukta nyingine zote anazilipia na hazioni. Tuseme nyumba ya wageni imeweka picha kumi za vyumba, kila moja MB 4. Huo ukurasa una MB 40. Mgeni aliyenunua MB 100 ameshamaliza karibu nusu ya bando lake kwa kuangalia vitanda. Na muda je? MB moja ni megabiti 8, kwa hiyo mtandao ukiwa unakwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde, MB 40 zinachukua sekunde 320. Hizo ni zaidi ya dakika tano. Nani atakaa dakika tano kungoja picha ya kitanda? Picha zilezile kumi, zikipunguzwa hadi KB 100 kila moja, zinakuwa MB 1. Sekunde 8, na maandishi yanaonekana mapema zaidi ya hapo.

Kupunguza hakuhitaji fundi. Kuna zana ya bure inaitwa Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari. Weka picha, punguza upana hadi nukta 1,200, chagua aina ya WebP au JPEG, ubora weka 75, angalia uzito. Ikizidi KB 150, shusha ubora hadi 70 na uangalie tena kwa jicho lako kama imeharibika. Halafu ipe jina la maana kabla ya kuipandisha: "chumba-watu-wawili-kigoma", badala ya herufi na namba zilizotoka kwenye kamera. Google inasoma majina hayo, na mtu asiyeona anayetumia simu inayomsomea kwa sauti anahitaji pia yale maelezo mafupi ya picha, ambayo fundi wengi huyaacha tupu.

Kuna vitu vingine vinavyobebesha ukurasa mzigo. Picha zinazopishana zenyewe pale juu, moja inaondoka nyingine inaingia: ziondoe, maana mteja hangoji ya tatu. Video inayoanza kujichezea yenyewe: iondoe, weka picha tulivu yenye alama ya kucheza, anayetaka ataibonyeza. Aina tano za herufi: bakiza moja, au mbili. Picha za chini ya ukurasa mwambie fundi azifanye zisubiri mpaka mtu azifikie. Lakini ile ya kwanza ya juu isisubiri. Wengi hukosea hapa, wanaziamuru picha zote zisubiri, na ile ambayo mteja anaihitaji kuliko zote inachelewa. Na kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwenye msimbo, ili ukurasa usirukeruke wakati inafunguka. Mnakijua kile kisa cha kutaka kubonyeza "Piga simu", ghafla picha inatokea juu, kitufe kinashuka, kidole kinaangukia tangazo? Chanzo chake mara nyingi ni vipimo ambavyo fundi hakuviandika.

Google ina zana ya bure ya kupima, PageSpeed Insights. Bandika anwani ya tovuti yako, soma upande wa simu, usisome wa kompyuta. Itakupa vipimo vitatu muhimu: kitu kikubwa cha juu kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kuruka kwa ukurasa kusizidi 0.1. Mwambie fundi namba hizo kabla hujamlipa awamu ya mwisho. Fundi anayejua kazi yake anazijua.

Sasa nakuja kwenye kidole. Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo wateja wengi wanapotupotea wakiwa wameshafika mlangoni.

Mteja ameona dagaa, ameridhika na bei, anataka kuagiza. Namba yako iko wapi? Iko ndani ya picha ya bango ulilotengenezewa, pamoja na maua na nembo. Hawezi kuibonyeza. Hawezi kuinakili. Inabidi atafute kalamu. Ndugu zangu, namba ya simu iandikwe kwa maandishi na ifungwe kiungo cha kupiga, akigusa tu simu iite. Na WhatsApp vilevile. Kiungo cha WhatsApp huanza na wa.me, mkwaju, halafu namba kuanzia 255. Hakuna alama ya kujumlisha, hakuna nafasi, hakuna sifuri ya mwanzo. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuandika wa.me kisha 07. Kiungo kinaonekana kizuri, kitufe cha kijani kinang'aa, mteja anagusa, anaambiwa namba haipo. Mwenye tovuti hajui, kwa sababu yeye hajiandikii mwenyewe. Unaweza pia kumwandalia mteja maneno ya kuanzia, kwa kuongeza ?text= na ujumbe mwishoni mwa kiungo, akifungua akute "Habari, naulizia dagaa kilo 5, nipo..." Hapo anajaza mji wake na kutuma. Umempunguzia aibu ya kuanza.

Kitufe kiwe na ukubwa gani? Kidole gumba ni kinene. Urefu na upana visipungue nukta 48, na kati ya kitufe na kitufe kuwe na nafasi ya nukta 8 angalau. Maandishi ya kawaida yasipungue nukta 16. Chini ya hapo watu wazima wanavuta kioo kwa vidole viwili, na kwenye visanduku vya kujaza, iPhone inakuza ukurasa yenyewe na kumpotezea mteja mwelekeo. Rangi ya maandishi na ya nyuma yake zitofautiane kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi. Hicho ni kiwango cha mwongozo wa kimataifa uitwao WCAG. Kijivu chepesi juu ya nyeupe kinapendeza ofisini kwa fundi, penye feni na mapazia. Hebu kifungue saa saba mchana pale Kibirizi, jua la utosi, boti zinapakia. Utaona nini? Utajiona uso wako kwenye kioo.

Menyu iwe na maneno ambayo mteja angeyasema. "Bidhaa na bei." "Jinsi ya kuagiza." "Tulipo." Nani amewahi kuingia dukani akauliza "naomba kuona suluhisho zenu"? Na vile vistari vitatu vya menyu, andikeni neno Menyu pembeni yake. Kijana anavijua, mzazi wake anadhani ni pambo.

Fomu ya kuagiza: jina, simu, unataka nini. Vitatu vinatosha. Usimlazimishe mtu kuweka barua pepe, wengi hawaifungui na wengine wataandika ya uongo ili wapite. Kisanduku cha simu kifungue vitufe vya namba, na kikubali 07 na +255 vyote viwili. Mtu akikosea aambiwe amekosea wapi, "namba imepungua tarakimu moja", asiandikiwe tu "hitilafu" kwa wino mwekundu. Na kila Jumatatu ijaze mwenyewe, utume, uone inafika wapi. Fomu nyingi zinatuma ujumbe kwenye sanduku la barua pepe ambalo nywila yake imeshasahaulika. Maagizo yanaingia humo, mwenye biashara analalamika wateja hakuna.

Nisiache lugha, maana sisi wa Kigoma tuko mpakani. Mteja wetu anaweza kuwa wa Bujumbura kule Burundi au Kalemie kule Kongo, na Kiswahili kitamtosha, ingawa ukurasa mmoja wa Kifaransa wenye bei na namba utamfurahisha mhasibu wake. Mgeni wa hifadhi za Gombe na Mahale anahitaji Kiingereza. Gombe inajulikana duniani tangu mtafiti Mwingereza Jane Goodall alipofika pale Julai 1960 kuchunguza sokwe, na haina barabara, inafikiwa kwa maji tu. Kwa hiyo swali la kwanza la mgeni ni boti. Na hapa pana mtego ambao ni wetu sisi, vitabu vya mafundi wa nje havina.

Mwenye boti anaandika kwa Kiswahili: "Boti inaondoka saa 2 asubuhi." Anaipa mashine itafsiri, au kijana wa haraka. Kwenye ukurasa wa Kiingereza inatokea saa 2 ya Kizungu, yaani saa nane ya usiku. Mgeni mmoja anadhani ni usiku na anaghairi kwa woga. Mwingine anafikiri bila shaka walikusudia mchana, anatokea gatini saa nane mchana na begi mgongoni, boti iliondoka asubuhi, na amelipia. Atakasirika na nani? Na wewe, na atayaandika hayo kwenye intaneti ambako kila mgeni anayemfuata atayasoma. Kwa hiyo kila saa iliyo kwenye ukurasa wa Kiingereza au Kifaransa ikaguliwe na mtu, moja baada ya moja, na iandikwe kwa mtindo wa saa 24: 08:00. Tarehe andika mwezi kwa neno, maana 3/4 kwetu ni tarehe tatu Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Bei ya boti sema ni ya boti nzima au ya mtu mmoja, kwenda tu au kwenda na kurudi, na kama ada ya hifadhi imo au haimo. Mambo haya manne yasipoandikwa, mgeni atayauliza yote kwa ujumbe, na wakati unamjibu wewe usiku, mwingine ameshalipwa.

Tuje kwenye imani. Mtanzania akiona bidhaa mtandaoni, neno la kwanza kichwani mwake ni tapeli. Msimlaumu. Wengi wametuma pesa, na simu ikazimwa. Tovuti yako inampa nini cha kumtuliza? Onyesha jina la biashara kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Eleza ulipo kwa namna ambayo dereva wa bodaboda angeelewa, pamoja na alama ya ramani ya Google. Weka picha ya mlango wa duka na kibao chake. Picha za kuazima za watu wenye suti wakipeana mikono hazimtulizi mtu, kwa sababu anajua hapa kwetu mtaa wa Mwanga hakuna ofisi ile. Kwenye malipo, andika Lipa Namba na mara moja chini yake andika jina litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka namba ya siri, herufi kwa herufi. Kisha mwambie wazi: "Jina likiwa tofauti, usilipe, tupigie." Hapo umemlinda, na ameona umemlinda.

Eleza na safari ya mzigo. Unatumwa siku gani, kwa usafiri gani, nani analipa nauli ya mzigo, mteja anapokelea wapi, anatumiwa picha ya risiti au la, ukifika umelowa inakuwaje. Mawese hasa, dumu la lita 20 likivuja njiani ni ugomvi. Sema unavyofunga kizibo na karatasi ya nailoni, weka picha yake. Na taarifa za watu, majina na simu wanazokuachia kwenye fomu, si za kugawa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia na kusajili wanaokusanya taarifa hizo. Kusanya unachohitaji tu, useme ni cha nini.

Kuhusu kuonekana Google nitasema machache. Kichwa cha kila ukurasa, yale maneno yanayotokea kwenye matokeo ya utafutaji, kiwe na herufi zisizozidi kama 60 na kitaje kitu na mahali: "Dagaa wa Kigoma kwa jumla na rejareja, Katonga." Ukurasa ulioandikwa "Nyumbani" hautafutwi na mtu. Fungua na wasifu wa biashara wa Google, ni bure, na jina na namba viwe sawasawa na vya kwenye tovuti.

Sasa umiliki, na hapa naomba masikio yote.

Meli yetu Liemba mnaijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na hapa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Lakini mafundi walifanya nini kabla ya kuizamisha? Walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini zilifaa kutumika tena, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua. Iliweza kurudi kwa sababu kuna watu waliofikiria kurudi siku ileile ya kuzama.

Tovuti yako imepakwa grisi? Tuulizane. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Majina yanayoishia .co.tz yanasajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Mara nyingi fundi analisajili kwa jina lake, barua pepe yake, simu yake. Haina maana ni mbaya, ni haraka tu. Lakini jina hulipiwa kwa mwaka, na muda ukikaribia kuisha kumbusho linakwenda kwa fundi. Fundi amehamia Mwanza, amebadili barua pepe. Siku moja tovuti haifunguki, na vibandiko vyote vya dumu, kadi zote, kibao cha dukani, vyote vina anwani iliyokufa, na mtu mwingine anaweza kuichukua. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, iandikwe kwenye karatasi: mmiliki wa jina ni biashara, barua pepe ya usajili ni ya mwenye biashara, nywila za jina, za seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, na za tovuti yenyewe anakabidhiwa mwenye biashara, gharama ya kila mwaka ni kiasi gani na inalipwa mwezi gani.

Halafu nakala. Nakala ya tovuti nzima kila wiki, na angalau moja ikae nje ya seva hiyohiyo, kwenye kompyuta yako au hifadhi nyingine. Seva ikiungua na nakala ilikuwa ndani yake, una nini? Kila miezi mitatu fundi airudishe mahali pa majaribio muone inafufuka. Kama mnatumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, masasisho yafanywe kila mwezi, na nakala ichukuliwe kabla, maana plagini, yaani viongezeo vya programu hiyo, za zamani ndizo mlango wa wezi. Na cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https. Cha shirika la Let's Encrypt ni cha bure, kwa kawaida kinadumu siku 90 na hujihuisha chenyewe kikipangwa vizuri. Kikishindwa kujihuisha, mteja anakutana na onyo kubwa kwamba tovuti si salama, na hatasoma zaidi.

La mwisho ni kupima. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti. Watano tu, na Kigoma huwakosi. Usichukue wanao wala wafanyakazi wako, wao wanajua njia. Chukua mama jirani, dereva wa bajaji, mwanafunzi, mzee mmoja anayevaa miwani, na mtu wa kutoka nje ya mkoa. Mpe simu ya kawaida yenye data, bila waifai. Mpe kazi moja: "Agiza dagaa kilo 5 wafike Tabora. Nieleze itanigharimu kiasi gani kwa jumla." Kisha nyamaza. Ugumu wote uko hapo. Utamwona anateremka, anapita kitufe, anarudi juu, gumba limesimama hewani, na moyo wako unataka kusema "hapo, hapo!" Usiseme. Mteja wa Morogoro hana mtu wa kumwambia hapo. Gumba likisimama, andika lilisimamia wapi. Akiuliza kitu, andika swali lake. Akimaliza mwulize, "Ulitegemea kukuta nini pale?" Watu wawili wakikwama mahali pamoja, pana kosa pale, parekebishwe kabla ya kumwita wa tatu.

Kwa hiyo wenye tovuti tayari, naomba mzime waifai ya ukumbi huu, mfungue tovuti zenu kwa data, na kila mmoja ampe simu aliyekaa kulia kwake. Jirani atafute vitu vitatu: bei ya leo, namba inayobonyezeka, na mahali ulipo. Hesabuni kimoyomoyo mpaka thelathini. Wewe mwenye tovuti, mikono mezani, mdomo umefungwa. Haya, tuanze.